Ndege wa Mkwe Wangu

Siku ya kwanza kwenda ukweni nilivunja sheria kabla sijapewa kiti.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Kwetu ukimkuta mama aliyemzaa mkeo unainama, unamshika mkono, unaubusu, unamwamkia shikamoo, naye anakuombea dua, na kuanzia hapo mmekuwa mama na mwana. Basi nilipofika kwa wakwe zangu, ukingoni mwa msitu upande wa Jilore, nikamwona mama mfupi kajifunga leso kiunoni, pua na kidevu ni vya mke wangu vilevile, sikungoja kuelekezwa. Nilimwendea na adabu zangu zote nilizofunzwa chuo cha Kurani, nikaudaka mkono wake nikaubusu.

Jirani aliyekuwa akipepeta mahindi alishikilia ungo hewani asijue autue wapi. Mkwe wangu aliuchomoa mkono wake, akajifunika uso kwa leso, akaingia ndani na hakutoka tena mpaka tulipoondoka. Mke wangu, badala ya kunitetea, alikuwa kashika nguzo ya kibanda akicheka hadi akakaa chini.

"Hukuniambia," nilimlaumu njiani, nimefura.

"Ningejuaje kama utamrukia mama yangu kama mwewe na kifaranga?"

Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawatazamani usoni, mmoja hali mbele ya mwenzake, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani ili mwenzake apite. Siku hizi wengi wameyalegeza mambo hayo, hasa waliohamia mjini, lakini mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Si kwamba mnachukiana. Mnaheshimiana mpaka mnaogopana. Nilitozwa faini ya kuku, nami nikapeleka jike jeupe, nono, nikijua litachinjwa siku hiyohiyo. Halikuchinjwa. Mkwe wangu alilifuga akalifanya mjumbe.

Maana watu wawili wasioruhusiwa kusemezana hawana budi kusemezana siku moja moja. Mke wangu akiwapo, maneno yalipitia kwake. Asipokuwapo, mkwe wangu alinipa mgongo kutoka mlangoni mwa jiko, akasema, "Kuku, mwambie mgeni wetu maji ya kuoga yako tayari." Nami nikajibu, "Kuku, mwambie mama nimeshukuru." Kuku alidonoa mahindi yake wala hakumwambia mtu kitu. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka na, niseme kweli, nilikuja kuyapenda. Nimeona nyumba ambazo mtu na mkwe wake wanakaa kochi moja na hawana la kuambiana.

Kazi yangu ni kushona kofia kwa mkono, zile za tundu moja moja kwa sindano. Ni kazi ya kukaa, na mtu aliyezoea kukaa na kazi, ukimkalisha bure, anaingiwa na chuki zisizo na sababu. Ukweni nilikuwa sina la kufanya. Mke wangu aliniona nanuna, akanifukuza niende kutembea. Nyuma ya shamba lao la mihogo kuna kipande cha miti, mali yao, kilichoshikana na msitu wenyewe. Ni mirihi mitupu, imesimama juu ya mchanga mweupe, matawi yamejinyoosha kila upande, na kwenye matawi zinaning'inia nyuzinyuzi za kijivu zinazoota juu ya magome. Wenyewe wanaziita ndevu. Si msitu wa kutisha. Jua linapita juu likashuka chini bila kusumbuka, na harufu yake ni ya majani makavu.

Huko ndiko nilikomkuta mkwe wangu asubuhi moja, amesimama peke yake, shingo kaikunja nyuma, mdomo wazi, anatazama juu. Nikaruka kichakani kama ipasavyo. Nilitua juu ya matawi makavu, yakavunjika kwa kishindo.

"Mrihi," alisema bila kugeuka, maana kuku tulimwacha nyumbani, "mwambie huyo aliye kichakani atulie. Ananitishia ndege."

Nikatulia. Kisha nikashindwa. "Mrihi, muulize mama ni ndege gani."

"Mwambie atafute tawi lililovunjika, kisha aje kulia mpaka penye ndevu nyingi."

Nikamwona. Alikuwa chozi, na si mkubwa kuliko kidole gumba changu. Kichwa na mgongo vilikuwa vya kijani kilichoiva mpaka kikakaribia weusi, na kila alipogeukia jua kikawaka. Tumbo jeupe. Mdomo mwembamba, umepinda kidogo, mithili ya sindano niliyoiacha dukani. Alikuwa akipita chini ya majani akichokoa vidudu, mara kichwa juu, mara kichwa chini, hatulii hata kidogo. Chozi tunao Mambrui, wanakuja hadi dirishani kunyonya maua. Lakini huyu hakuwa wa kwetu. Huyu hashuki. Analala juu ya mirihi, anakula juu ya mirihi, na pasipo mirihi usijisumbue kumtafuta.

Tangu hapo kila tulipokwenda ukweni nilijua nitakachofanya asubuhi. Mkwe wangu alitangulia, mimi nikafuata kwa mbali, nikasimama miti miwili mitatu nyuma yake, uso nimeuelekeza kwingine. Tukazungumza na mirihi. Aliniuliza kwa mrihi kama watoto hawajambo, kama kofia zinatoka, kama kweli Mambrui watu wanakula samaki asubuhi. Nilimuuliza kwa mrihi majina ya miti. Mke wangu alikuwa akituonea wivu. "Nyinyi mnaongea kuliko mimi na wewe," alisema, na pengine ilikuwa kweli.

Mwaka mmoja walipita wageni wenye darubini, wakiongozwa na kijana wa upande wa Gede anayejua ndege. Walipoona mirihi yetu waliomba ruhusa kuingia, na waliporudi walikuwa wakitabasamu kama waliotoka harusini. Yule kijana alimweleza mkwe wangu kwamba chozi huyu hapatikani popote duniani ila kwenye msitu huu wetu na kwenye milima fulani ya Tanzania, ng'ambo ya mpaka. Hata huko ni wachache, na wanapungua kwa kadiri miti inavyokatwa.

Mkwe wangu alilifikiria jambo lile. "Hao wa milimani na hawa wetu, wanatembeleana?"

"Hawawezi, mama. Ni wadogo mno na kati yao hamna msitu wa kupita."

"Masikini," alisema. "Basi kila mmoja kaolewa mbali."

Jioni ile nilimuuliza mke wangu kwa nini mama yake anampenda ndege huyu kiasi kile. Akaniambia mama yake aliletwa hapa bibi harusi kutoka upande wa Bamba, kwenye ukame, akiwa binti mdogo hajui mtu. Mama wa mumewe alikuwa mkali, na mawifi walikuwa wakali zaidi. Akitumwa kuni alikuwa anachelewa makusudi, anakaa chini ya mirihi, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtazama akawatazama ndege. Mtoto wake wa kwanza alipofariki, matanga yalipokwisha na watu wakarudi makwao, alikwenda kukaa palepale siku nzima. Hakuna aliyemfuata. Chozi walikuwa juu wakiendelea na shughuli zao, na yeye aliona kwamba hao ndio waliompokea.

Nilitoka nje nikamkatia kuku kipande cha nazi.

Sasa nimtaje shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwana wa kiume wa pekee katika nyumba ile. Ni mtu mchapakazi, ninamheshimu, na nisingependa mtu amdhanie mbaya. Ana watoto wanaoongezeka na shamba lisiloongezeka. Mihogo inamvunja moyo, mahindi yanamtegemea Mungu. Alikuwa amekwenda Magarini akaona watu wanavyofanikiwa kwa mananasi, akarudi na wazo moja: kipande cha mirihi kikatwe, miti ichomwe mkaa, na mahali pake papandwe mananasi, ambayo mchanga hayauogopi.

"Mama, ndege hawaliwi," alimwambia mbele ya wazee wa ukoo waliokuja kwa shauri hilohilo.

"Hata wewe huliwi," mama yake akamjibu, "na nimekufuga miaka yote hii."

Wazee walicheka, lakini walimtaka atoe neno la kushikika, naye akalitoa. Alisema kipande kile alipewa na marehemu mumewe, na sharti lake ni moja. Chozi akiwapo, panga la mtu lisivuke mpaka wa mihogo. Siku chozi atakapohama, kateni, hatauliza. Shemeji akakubali, wazee wakakubali, na jambo likawekwa hivyo.

Halafu macho ya mkwe wangu yakaanza kumwacha.

Hatukuona mwanzo wake. Alikuwa mjanja, alijua idadi ya hatua za uwanja wake na mahali pa kila chungu. Mimi nilikuja kujua siku niliyokuwa nimekaa ukumbini nikamsikia anasema, "Kuku, mwambie mgeni asiondoke kabla hajala." Nikageuka kumjibu kuku. Kuku alikuwa nyuma ya ghala. Mkwe wangu alikuwa akisema na dumu jeupe la maji.

Nilijibu kwa dumu. "Mwambie mama siondoki."

Asubuhi yake tulikwenda mirihini kama kawaida. Alisimama pale pake, shingo nyuma, kwa muda mrefu. Juu ya kichwa chake kabisa chozi dume alikuwa akirukaruka, na akilia ile sauti yake nyembamba, nyembamba kama uzi wa mwisho sindanoni. Mkwe wangu hakumwona. Wala hakumsikia, maana masikio ya mtu mzima hupoteza sauti za aina hiyo kwanza.

"Mrihi," alisema, "wamehamia wapi hawa?"

Nilitafuta namna ya kumlainishia neno. Sikuipata. "Mrihi, mwambie mama yupo. Yupo juu yake."

Alishusha uso. Kisha akasema taratibu, "Basi aliyehama ni mimi."

Mke wangu alianza kumbembeleza aende Malindi akaondolewe mtoto wa jicho. Ni jambo dogo siku hizi, watu wanaingia asubuhi wanatoka mchana. Mama hakutaka kusikia. Alijua mtu, ambaye alijua mtu mwingine, aliyetiwa kisu jichoni akarudi na giza tupu. Nami nilipojaribu kusaidia, alimpata kuku mwenyewe safari hii, akamwambia, "Mwambie fundi, kofia akikosea anafumua. Jicho langu atalifumua?"

Mambo ya nyumba hayajifichi. Shemeji alikuja kujua, akamuuliza mama yake waziwazi, tena kwa upole, lini amemwona chozi mara ya mwisho. Mama si mtu wa uongo. Alisema ni tangu kabla ya mvua za vuli.

"Basi amehama, mama."

"Sijasema amehama. Nimesema sioni."

"Sasa nani ataona? Tutakaa hivi mpaka lini?"

Wazee wakaitwa tena. Mkwe wangu aliulizwa amtaje mtu anayemwamini awe macho yake. Nilidhani atamtaja binti yake. Alinitaja mimi. "Huyo hawezi kunidanganya," alisema. "Tangu ile faini ya kuku hajanitazama usoni, uso wa kunidanganya atautoa wapi?" Shemeji naye akasema ananiridhia, kwa kuwa sina fungu katika ardhi ile. Nikisema chozi yupo, anakaa. Nikisema hayupo, anakata. Nikaambiwa niliyemwona zamani hahesabiki; masika yakiisha niende nikatazame upya.

Nakumbuka nilirudi Mambrui siku ile nina kiburi. Mimi ninatia uzi tunduni kwa mwanga wa mshumaa. Nilijiona nimeshamwona ndege.

Masika yalipoisha nilifunga duka tukaenda. Nikaingia mirihini alfajiri. Sikumwona. Kesho yake sikumwona. Nilikaa huko asubuhi baada ya asubuhi, nikatoka jioni shingo imekakamaa mpaka mke wangu akanikanda kwa mafuta ya nazi. Niliona hondohondo, niliona vigogota, niliona makundi ya ndege wadogo wakipita juu kwa kelele, na katika makundi yale ndimo chozi huwa anatembea. Nikayachunguza moja moja. Rangi ya kijani sikuiona. Mbele zaidi msituni nilisikia shoka la mtu mwingine, mbali, likigonga kisha likinyamaza.

"Sema yupo," mke wangu aliniambia. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba anamenya mihogo. "Ni neno moja. Nani atakwenda kuhakikisha?"

Nikamgombeza. Nilimgombeza kwa sauti kubwa kuliko alivyostahili, kwa sababu lile neno nilikuwa nalo mdomoni tangu juzi. Na sitajisifu kwamba ni dini iliyonizuia. Nilimfikiria mama yake akija kila asubuhi kusimama chini ya miti mitupu, kipofu, akinishukuru. Hilo sikuliweza.

Jioni wazee walikuwapo, shemeji akiwapo, na kuku alikuwa akizurura kati ya miguu yetu. Nilimwambia yeye. "Kuku, mwambie mama nimetafuta. Sikumwona."

Shemeji aliinamisha kichwa. Hakufurahi, na kwa hilo nilimpenda. "Basi mama," alisema chini chini, "nitaanza mwezi ukiandama."

Mkwe wangu alikuwa mlangoni, kaupa uwanja mgongo. "Hapana," alisema. "Nilisema mkwe wangu hadanganyi. Sikusema hakosei." Wazee wakaguna. Akaendelea, na kitu alichokuwa akikisema alikiogopa kuliko kitu chochote. "Nipelekeni Malindi nikatiwe hicho kisu jichoni. Nikirudi nitatazama mwenyewe. Nisipomwona, shoka nitakuletea kwa mkono wangu."

Tulimpeleka. Mke wangu alimshika mkono, mimi nikatembea mbele nikisafisha njia, bila kugeuka. Hospitalini nilikaa kwenye benchi la nje nimeuelekea ukuta, mpaka muuguzi akaniuliza kama nami naumwa macho. Nilisoma kila sura niliyoihifadhi, na nilipomaliza nikaanza upya.

Ilibidi akae kwetu Mambrui mpaka jicho lipone, mbali na moshi wa jiko la kuni. Mama mkwe chini ya paa la mkwe wake, hilo nalo likawa kesi. Nililimaliza kwa kuhamia dukani. Nililala juu ya marobota ya vitambaa, chakula nikaletewa na wanangu, na sijapata kulala vizuri hivyo. Bandeji ilipotolewa sikuwapo, bila shaka. Mke wangu alinihadithia. Mama yake alipepesa jicho, akamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu, akamgusa shavu. Kisha akasema, "Mbona umezeeka hivi? Huyo mshona kofia hakulishi?"

Wakakumbatiana wakalia. Mimi nilipoambiwa nililia peke yangu dukani, nikachafua kofia ya mtu.

Tuliporudi Jilore, shoka la shemeji lilikuwa limeegemezwa ukutani, limenolewa. Hakuwa amelitumia. Asubuhi ya pili tulitoka, mkwe wangu mbele na miwani yake myeusi ya hospitali, mwanawe nyuma yake na shoka begani, mimi nyuma kabisa kwa ule umbali wetu.

Alipofika chini ya mirihi alivua miwani. Akakunja shingo. Tulisubiri. Likapita kundi la ndege, yeye akalifuata kwa jicho mpaka likaisha. Likapita jingine. Nilikuwa nimegeuza uso kando, namwona kwa pembe ya jicho tu, lakini nilimsikia akipumua, na nilikuwa naomba Mungu kwa haraka na bila mpangilio kama mtoto. Jua lilipanda.

"Mama," shemeji akasema.

"Nyamaza."

Alihama pale pake pa siku zote. Akarudi nyuma hatua chache, akaenda kando, akainama, akainuka, akasimama mahali ambapo sijapata kumwona akisimama. Halafu nilimsikia akicheka, kicheko kidogo cha puani.

"Ni mke," alisema. "Nyote mnatafuta dume, mnatafuta rangi. Dume kenda zake, si wanaume mnajuana? Mke yuko kazini."

Akamwita mwanawe. Baadaye shemeji alinieleza yote. Mama yake alimweka mbele yake, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika utotoni kumfuta makamasi, akamgeuza kichwa kidogo kidogo. Pale penye tawi la pembeni. Pale ndevu zilipokuwa nene. Sasa zitazame ndevu zenyewe, si majani. Lile fundo katikati yake si ndevu, ni nyumba. Imefumwa kwa ndevu hizohizo, ina kijitundu ubavuni. Na ndani ya tundu mna kitu.

Mimi nilikuwa nimepita chini ya fundo lile kila asubuhi. Nililiona. Nililihesabu kuwa uchafu wa mti.

Shemeji alisimama kichwa juu kwa muda ambao sikuutarajia kwa mtu mwenye haraka zake. Shoka alilishusha chini bila kujua. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kitoto, "ananitazama."

"Hata mimi ningekutazama, na shoka lako."

"Ni huyu tu? Siku zote hizi, ugomvi wote ule, ni huyu tu?"

"Ni huyu tu."

Amezaliwa hatua chache kutoka pale, amekata kuni pale, amekimbizana na mbuzi pale, na hakuwa amepata kumwona hata siku moja. Nadhani ndilo lililomnyamazisha. Akakung'uta mchanga magotini ingawa hakupiga magoti. "Mihogo ile ya juu inaoza yote," akasema mwishowe, akitazama pembeni. "Mananasi nitaanzia huko." Hakuahidi zaidi ya hapo, na mama yake hakumdai zaidi.

Nami nilibaki palepale nimeshika heshima yangu, sijaona kitu, nimejaa furaha na hasira kwa pamoja. Kusogea siwezi, naye yuko pale. Alijua. Alivaa miwani yake, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka hadi kwenye njia, mbali ya kutosha.

Nikaenda. Nyayo zake zilikuwa wazi mchangani, mbili, ndogo, vidole vimebonyea kwa uzito wa mtu aliyekuwa akijinyoosha. Nilivua ndara. Nikaona haya kidogo, kisha nikaweka miguu yangu juu ya nyayo za mkwe wangu, nikainua uso. Kutoka pale, na kutoka pale tu, majani yalikuwa yameachana. Niliona fundo, niliona tundu, na tunduni kichwa cha kijivu, cha rangi isiyo na sifa yoyote, na mdomo ule wa sindano umetokeza nje. Hakusogea. Alikuwa kalalia. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

"Umemwona?"

Sauti ilitoka njiani. Hakumwambia mrihi, wala kuku hakuwapo. Aliniuliza mimi.

"Nimemwona, mama," nilijibu, bila kugeuka.

"Haya. Basi sasa si wangu peke yangu. Macho haya mimi nimeazimwa tu."

Nilivaa ndara zangu. Kisha tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele, mwanawe katikati na shoka lake, mimi nyuma kabisa, kichwa nimekiinamisha kama inavyompasa mkwe.